Kufika Kituoni: Fasili, Istilahi na Orodha ya Wapigaji wa Besiboli katika Msimu wa 2004

Ikisiri

Makala haya yanaeleza dhana moja ya kitakwimu katika mchezo wa besiboli wa Marekani, yaani uwiano wa kufika kituoni, kwa kutumia orodha ya wapigaji waliotia fora katika msimu wa 2004. Hoja yetu ya msingi ni kwamba nafasi ya mchezaji katika orodha huamuliwa kwanza na fasili, kisha ndipo ustadi wake unapoingia. Aidha, tunaonyesha kwamba mtu anayetaka kuipa dhana hii jina la Kiswahili hana budi kuichunguza kanuni yenyewe, kwa sababu jina lake la Kiingereza halisemi kile ambacho kanuni inahesabu.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea tafsiri ya makala ya michezo kutoka Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na kipimo alichokiita "asilimia ya kuwa juu ya msingi". Sikuwa na ujuzi wowote wa besiboli. Niliona kwamba kila neno la Kiingereza limepata neno lake la Kiswahili, nami nikampa alama nzuri. Baadaye, nilipolazimika kuufahamu mchezo huo kwa ajili ya kazi nyingine ya istilahi, niligundua kwamba katika maneno manne makuu ya tafsiri ile hapakuwa na hata moja lililokuwa sahihi. Si asilimia, kwa kuwa hesabu yake haitolewi kwa mia. Si kuwa, kwa kuwa kinachohesabiwa ni tukio na si hali. Si juu, kwa kuwa hakuna mtu anayepanda juu ya chochote. Wala si msingi, kwa kuwa kinachotajwa ni mahali pa kufikia na kupumzikia katika mzunguko. Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko la mwanafunzi, maana mimi ndiye niliyesahihisha.

Makala haya ni jaribio la kulirekebisha kosa hilo. Hayakusudii kumfundisha msomaji kucheza besiboli, bali yanachukua dhana moja na kuifuatilia hadi mwisho: inahesabu nini, inaacha nini, inawapanga watu vipi, na inahitaji jina gani. Mfano tuliouchagua ni msimu wa 2004 wa ligi kuu za Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, katika msimu huo ndipo uwiano mkubwa kuliko wote katika historia ya ligi hizo ulipopatikana. Pili, msimu huohuo ulimtoa mchezaji aliyevunja rekodi ya mapigo mengi katika msimu mmoja, lakini ambaye katika orodha yetu hakushika nafasi ya kwanza hata katika ligi yake mwenyewe. Tofauti kati ya watu hao wawili inatosha kutufundisha mengi kuhusu uhusiano wa fasili na cheo.

2.0 Mchezo na Istilahi Zake

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja. Uwanja una vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la mraba, na kati ya kituo kimoja na kingine pana umbali wa futi 90, yaani mita 27.4 hivi. Mrushaji wa timu inayolinda huurusha mpira kumwelekea mpigaji wa timu inayoshambulia, ambaye husimama kwenye kituo cha nyumbani akiwa na gongo. Akiupiga mpira na kukimbia hadi kituo cha kwanza kabla walinzi hawajamtoa, amefika kituoni. Akiendelea, yeye mwenyewe au kwa msaada wa wenzake wanaopiga baada yake, akazunguka vituo vyote na kurejea nyumbani, timu yake hupata pointi moja. Timu hushambulia mpaka wachezaji wake watatu watolewe, kisha hubadilishana zamu na wapinzani. Mchezo wa kawaida una awamu tisa, kwa hiyo kila timu ina hazina ya kutolewa mara 27 tu. Namba hii ya 27 ikumbukwe, kwani ndiyo inayokipa kipimo chetu uzito.

Katika makala haya neno kituo limependekezwa badala ya msingi, na pia badala ya mkopo wa moja kwa moja. Sababu ni ya kisemantiki. Msingi katika Kiswahili ni kitu kinachobeba kingine juu yake, kama vile msingi wa nyumba au wa hoja. Kituo ni mahali ambapo msafiri hutua, hupumzika, kisha huendelea na safari. Mkimbiaji wa besiboli ni msafiri wa namna hiyo. Akisimama kituoni yu salama, na akiwa kati ya kituo na kituo yu hatarini.

Kuna njia tatu kuu za kufika kituoni ambazo kanuni inazitambua. Ya kwanza ni pigo halali, yaani mpigaji anaupiga mpira na kufika bila ya makosa ya walinzi. Ya pili ni pale mrushaji anaporusha mipira minne isiyopita katika eneo la kupigika na mpigaji akajizuia asiipige. Hapo mpigaji hupewa kituo cha kwanza bila kukimbizwa na mtu. Waingereza na Wamarekani huliita tukio hili kwa neno lenye maana ya kutembea, na pengine ndiyo sababu tafsiri sisisi yake haimwelezi chochote msomaji wa Kiswahili. Tutaliita kituo cha mipira minne, jina ambalo ni refu lakini linajieleza. Njia ya tatu ni kugongwa: mpira uliorushwa ukimpiga mpigaji mwilini, naye hupewa kituo cha kwanza.

3.0 Fasili ya Uwiano wa Kufika Kituoni

3.1 Kanuni

Wazo la kuhesabu njia zote tatu kwa pamoja lilipata nguvu katika klabu ya Brooklyn Dodgers. Kiongozi wake, Branch Rickey, alimwajiri mtakwimu Allan Roth, mzaliwa wa Montreal, mwaka 1947. Mwaka 1954 Rickey alichapisha katika jarida la Life makala iliyotetea vipimo vipya, kikiwemo hiki. Hata hivyo, ligi kuu hazikukifanya kuwa kipimo rasmi hadi mwaka 1984. Kwa zaidi ya karne moja kipimo kilichotawala kilikuwa ni uwiano wa mapigo, ambao hugawanya mapigo halali kwa zamu za kuhesabiwa na kuvipuuza kabisa vituo vya mipira minne, kana kwamba zamu hizo hazikuwahi kuwapo.

Kanuni rasmi ya uwiano wa kufika kituoni inaweza kuandikwa hivi:

(M + V + G) ÷ (Z + V + G + K)

M ni mapigo halali. V ni vituo vya mipira minne. G ni mara alizogongwa. Z ni zamu za kuhesabiwa. Na K ni mipira ya juu ya kafara. Hii ya mwisho inahitaji maelezo. Mpigaji anaweza kuupiga mpira juu na mbali, mlinzi akaudaka, mpigaji akatolewa, lakini mwenzake aliyekuwa katika kituo cha tatu akapata nafasi ya kukimbilia nyumbani na kufunga pointi. Mpigaji amejitoa mhanga kwa ajili ya timu, na neno kafara linaibeba maana hiyo bila taabu. Katika uwiano wa mapigo zamu hiyo haihesabiwi, ili mpigaji asiadhibiwe. Katika uwiano wa kufika kituoni inahesabiwa, kwa sababu swali linaloulizwa ni moja tu: alifika au hakufika? Hakufika.

3.2 Kisichohesabiwa

Uchunguzi wa kanuni unaonyesha kwamba jina na fasili havilingani. Yapo matukio ambayo mpigaji hufika kituoni kwa miguu yake, watu elfu arobaini wakimtazama, na bado kanuni ikasema hakufika. La kwanza ni kosa la mlinzi. Ikiwa mlinzi ameuangusha mpira uliopaswa kudakwa, mwandishi rasmi wa mchezo huandika kosa, na mpigaji huhesabiwa kama aliyeshindwa ingawa amesimama kituoni. La pili ni uchaguzi wa mlinzi: walinzi wakiamua kumtoa mkimbiaji aliyetangulia badala ya mpigaji, mpigaji hufika, lakini kwa gharama ya mwenzake, hivyo hahesabiwi.

Kwa upande wa pili, mpigaji anayeupiga mpira ukavuka uzio huzunguka vituo vyote bila kusimama katika chochote na kurudi nyumbani. Huyu huhesabiwa kuwa amefika kituoni, ijapokuwa hakukaa kituoni hata nukta moja.

Hapa ndipo mofolojia ya Kiswahili inapotusaidia kuliko ile ya Kiingereza. Jina la Kiingereza limejengwa kwa kihusishi kinachoonyesha hali ya kuwa mahali. Kanuni, kama tulivyoona, inahesabu matukio. Kitenzi fika kinaeleza tukio la mara moja lenye mwisho, nacho kinafaa zaidi. Zaidi ya hayo, katika umbo lake la kutenda, fika hakimtaji mtu wa pili aliyesababisha tukio. Lau tungelitumia fikishwa, tungelazimika kuuliza: na nani? Kanuni haimuulizi mpigaji aliyegongwa wala aliyepewa mipira minne swali hilo. Inaliuliza katika kosa la mlinzi tu, na hapo ndipo inapomkatalia. Kwa hiyo istilahi uwiano wa kufika kituoni ni bora kuliko nyingine tulizozifikiria, lakini bado ni pana kidogo kuliko fasili yake. Hilo si jambo la ajabu. Istilahi hukumbusha fasili, haichukui mahali pake.

Kuhusu neno uwiano, jambo ni jepesi. Jina la Kiingereza linadai kuwa ni sehemu ya mia, lakini matokeo huandikwa kwa desimali tatu, na watangazaji huyasoma kama sehemu ya elfu. Hakuna sababu ya Kiswahili kurithi kosa hilo.

4.0 Orodha ya Msimu wa 2004

4.1 Orodha yenyewe

Ligi kuu za Marekani ni mbili, Ligi ya Taifa na Ligi ya Marekani, na kila moja huwa na orodha yake. Katika Ligi ya Taifa, watano wa kwanza wa mwaka 2004 walikuwa hawa:

1. Barry Bonds (San Francisco): uwiano wa kufika 0.609, uwiano wa mapigo 0.362, vituo vya mipira minne 232.
2. Todd Helton (Colorado): 0.469, 0.347, 127.
3. Lance Berkman (Houston): 0.450; 0.316, 127.
4. J. D. Drew (Atlanta): 0.436, 0.305, 118.
5. Bobby Abreu (Philadelphia): 0.428, 0.301, 127.

Katika Ligi ya Marekani, wanne wa kwanza walikuwa:

1. Melvin Mora (Baltimore): 0.419, 0.340, 66.
2. Ichiro Suzuki (Seattle): 0.414, 0.372, 49.
3. Travis Hafner (Cleveland): 0.410, 0.311, 68.
4. Jorge Posada (New York): 0.400, 0.272, 88.

Msomaji atazame kwanza umbali kati ya namba moja na namba mbili wa Ligi ya Taifa. Kutoka kwa Helton hadi Abreu pana tofauti ya 0.041. Kutoka kwa Bonds hadi Helton pana 0.140. Orodha za cheo zina tabia ya kuficha jambo hili: huandika moja, mbili, tatu, kana kwamba ngazi zote zina kimo kimoja. Atazame pia Posada. Kwa uwiano wa mapigo wa 0.272 ni mchezaji wa kawaida ambaye hakuna mtu angemtaja miongoni mwa vinara. Kwa uwiano wa kufika ni wa nne katika ligi yake. Hakubadilika yeye, limebadilika swali.

4.2 Bonds na Suzuki

Mwaka 2004 Suzuki, Mjapani aliyeingia ligi kuu mwaka 2001, alipata mapigo halali 262. Aliivunja rekodi ya mapigo 257 iliyowekwa na George Sisler mwaka 1920, rekodi iliyokuwa imedumu miaka 84. Uwiano wake wa mapigo, 0.372, ulizidi ule wa Bonds wa 0.362. Mtu aliyelelewa katika kipimo cha zamani angesema bila kusita kwamba Suzuki ndiye aliyepiga vizuri zaidi mwaka huo. Tuiweke kanuni kazini.

Suzuki: (262 + 49 + 4) ÷ (704 + 49 + 4 + 3) = 315 ÷ 760 = 0.414

Bonds: (135 + 232 + 9) ÷ (373 + 232 + 9 + 3) = 376 ÷ 617 = 0.609

Mapigo ya Suzuki ni karibu maradufu ya yale ya Bonds. Hata hivyo, Bonds alifika kituoni mara 61 zaidi, tena katika zamu 143 pungufu. Maana ya tofauti hiyo hudhihirika tukirejea ile hazina ya 27. Suzuki hakufika mara 445. Bonds hakufika mara 241. Tukichukulia kwa makadirio kwamba kila kutofika ni kutolewa kumoja, Suzuki aliitumia hazina ya timu yake kiasi cha michezo 16 na nusu, naye Bonds chini ya michezo tisa. Kila mara mpigaji anapofika, mwingine hupata nafasi ya kupiga. Kila mara anapotolewa, mlango hufungwa kwa theluthi moja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kituo cha mipira minne ni haba ya namna hiyo: hakipigiwi makofi, lakini kibaba hujaa.

Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba Suzuki alikuwa mchezaji hafifu. Kipimo hiki nacho kina upofu wake. Kinaihesabu zawadi ya mipira minne sawasawa na mpira uliovuka uzio, ilhali la kwanza humpeleka mtu kituo kimoja na la pili huleta pointi papo hapo. Pia hakisemi lolote kuhusu mbio na ulinzi, mambo ambayo Suzuki alisifika kwayo. Tunachosema ni kwamba "nani alipiga vizuri zaidi" na "nani aliiokolea timu yake nafasi nyingi zaidi" ni maswali mawili, na kwa muda mrefu lugha ya mchezo huu iliyachanganya.

4.3 Vituo vya makusudi

Katika vituo 232 vya Bonds, ambavyo ni rekodi ya msimu mmoja, 120 vilikuwa vya makusudi, nayo ni rekodi vilevile. Kituo cha makusudi hutolewa pale timu pinzani inapoona ni salama zaidi kumpa mpigaji kituo cha bure kuliko kumrushia mpira anaoweza kuupiga. Wakati ule mrushaji alilazimika kuirusha mipira yote minne mbali na gongo. Tangu mwaka 2017 ishara ya kocha kwa mwamuzi inatosha.

Swali la kisemantiki linajitokeza hapa. Je, mtu aliyepewa kituo kwa kuogopwa amefika kama yule aliyekipata kwa subira ya macho yake? Kanuni inajibu ndiyo. Anayetaka kujibu hapana anaweza kuziondoa zamu hizo 120 katika pande zote mbili za mgawanyo: 256 ÷ 497 = 0.515. Bonds anabaki wa kwanza kwa mbali. Hoja ya kwamba uwiano wake ulijengwa na woga wa wapinzani ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi kumwondoa katika nafasi yake. Hili ni fundisho la kimbinu: pale fasili inapotiliwa shaka, afadhali kuirudia hesabu kwa fasili ya pili kuliko kubishana juu ya ile ya kwanza.

Shaka nyingine haiondolewi kwa hesabu. Miaka hiyo ilikuwa ya tuhuma nzito za matumizi ya dawa za kuongeza nguvu, na Bonds alikuwa miongoni mwa waliotajwa. Adhabu kwa wachezaji wa ligi kuu waliopatikana na dawa zilianza mwaka huohuo wa 2004. Waandishi wa michezo walimpigia Bonds kura kwa miaka kumi ya kuingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo, na mwaka 2022 muda huo uliisha bila yeye kuchaguliwa. Namba 0.609 imo katika vitabu. Namna ya kuisoma bado inagombaniwa.

5.0 Kizingiti cha Orodha

Orodha yoyote ya uwiano inahitaji kizingiti, la sivyo mtu aliyepata zamu moja na kufika mara moja angeongoza kwa 1.000. Kanuni ya sasa, iliyoanza mwaka 1957, inamtaka mchezaji awe na zamu 3.1 kwa kila mchezo wa ratiba ya timu yake. Kwa michezo 162 hiyo ni zamu 502.

Kanuni hiyo ina historia inayogusa moja kwa moja mada yetu. Mwaka 1954 kizingiti cha orodha ya uwiano wa mapigo kilikuwa zamu 400 za kuhesabiwa. Ted Williams wa Boston alikuwa na uwiano wa 0.345, mkubwa kuliko wa mwingine yeyote katika Ligi ya Marekani, lakini alikuwa na zamu za kuhesabiwa 386 tu. Taji lilikwenda kwa Bobby Avila wa Cleveland mwenye 0.341. Kwa nini Williams alipungukiwa na zamu? Kwa sababu alipata vituo vya mipira minne 136, navyo havikuwamo katika fasili ya zamu ya kuhesabiwa. Kwa maneno mengine, alinyimwa taji kwa sababu alifika kituoni mara nyingi mno. Badiliko la mwaka 1957, la kuhesabu zamu zote badala ya zile za kuhesabiwa tu, lilikuja kuifuta hitilafu hiyo. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa madhara ya istilahi moja kutumika kwa maana mbili: kupima ustadi, na kupima ushiriki.

6.0 Ulinganisho wa Misimu

Kabla ya Bonds, kilele cha orodha za msimu mmoja kilishikwa na huyohuyo Williams kwa uwiano wa 0.553 wa mwaka 1941: (185 + 147 + 3) ÷ 606. Kilisimama mpaka mwaka 2002, Bonds alipofikisha 0.582, kisha 0.609 miaka miwili baadaye. Je, ni haki kuilinganisha misimu iliyoachana kwa miaka 60?

Mwaka 1941 mpira wa juu wa kafara haukuwa na hadhi ya pekee. Ulihesabiwa kuwa kutolewa kwa kawaida ndani ya zamu za kuhesabiwa. Hadhi hiyo ilirudishwa mwaka 1954. Jambo hili hulalamikiwa kuhusu uwiano wa mapigo wa Williams wa mwaka ule, 0.406, kwani kwa kanuni ya leo ungekuwa juu zaidi. Lakini katika uwiano wa kufika kituoni halina athari: mipira ya kafara imo katika kigawanyo kwa vyovyote vile, ama ndani ya Z ama chini ya jina lake K. Fasili mbili tofauti zinatoa jibu moja, na ulinganisho unasimama.

Mpaka wa orodha nao hubadilika. Mwaka 2024 ligi kuu ziliziingiza rasmi katika kumbukumbu zake takwimu za ligi za wachezaji weusi, waliokuwa wametengwa kwa ubaguzi wa rangi hadi mwaka 1947. Rekodi ya uwiano wa mapigo katika msimu mmoja ikawa ya Josh Gibson, 0.466 ya mwaka 1943. Neno "ligi kuu" lilipopewa upeo mpya, orodha zilizoonekana kuwa za milele zilipangika upya bila mpira hata mmoja kurushwa.

Athari ya kipimo chenyewe ilionekana pia sokoni. Mwaka 2002 klabu ya Oakland, ikilipa mishahara ya takriban dola milioni 40, ilishinda michezo 103, sawasawa na klabu ya New York Yankees iliyolipa zaidi ya milioni 120. Oakland ilikuwa imewatafuta wachezaji wa aina ya Posada wa mfano wetu, wanaofika kituoni bila ya mapigo ya kusifiwa, kwa sababu bei yao ilikuwa chini. Utafiti wa wanauchumi Jahn Hakes na Raymond Sauer, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba ustadi huo ulikuwa umelipwa chini ya thamani yake, na kwamba kufikia mwaka 2004 soko lilikuwa limejirekebisha. Watu walikuwa wamepoteza fedha kwa miaka mingi kwa kukosa kuuliza neno "kupiga" lilikuwa na maana gani.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba orodha ya uwiano wa kufika kituoni ya msimu wa 2004 si picha ya moja kwa moja ya uwanja. Kati ya uwanja na orodha pana maamuzi kadhaa: kipi ni kufika, kipi ni zamu, nani anatosha kuhesabiwa, na ligi ipi ni kuu. Kila uamuzi ni fasili, na kila fasili ina mtu iliyempandisha na mtu iliyemshusha. Aidha, tumependekeza istilahi chache, zikiwemo uwiano wa kufika kituoni, uwiano wa mapigo, kituo cha mipira minne na mpira wa juu wa kafara, tukitanguliza kazi ya dhana badala ya sura ya neno la Kiingereza.

Huenda mtu akauliza mchezo huu unatuhusu nini. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League huko Pennsylvania. Mchezo umeshafika katika ukanda wetu, na mchezo ukifika huja na hesabu zake. Watakaozieleza hesabu hizo kwa Kiswahili watahitaji maneno, na wasipoyapata kwetu watayatafsiri neno kwa neno, kama alivyofanya yule mwanafunzi.

Lakini somo ni pana kuliko besiboli. Vyuo, hospitali na nchi hupangwa katika orodha za namna hii kila mwaka, nasi huzitafsiri na kuzitangaza tukianzia na jina lililoshika nafasi ya kwanza. Mtafsiri wa orodha anapaswa kuanzia kwenye kigawanyo. Kama ningalifanya hivyo siku ile, ningalimrudishia mwanafunzi wangu kazi yake pamoja na swali moja tu: hapa kinahesabiwa nini?